Honi ya Aliyepitwa

Hapo zamani, magari ya mbio yalipokuwa bado na honi, palikuwa na mji uliopenda mashindano kuliko harusi. Jina lake nimelisahau, wala halitupunguzii kitu. Desturi yao ilikuwa hii: dereva akipitwa, humpigia honi aliyempita, yaani haya, nimekuona, hongera.

Mama Hoza aliipenda honi hiyo kupita kiasi. Marehemu mumewe alikuwa dereva, na alipitwa sana, maskini, kwa hiyo honi yake ndiyo iliyozoeleka zaidi mjini. Sasa macho ya mama yalikuwa yameishiwa nguvu. Uwanjani alikwenda kusikiliza tu.

Lakini honi zilinyamaza. Mafundi walikuwa wameyafungia magari mabawa, bapa pana mbele na bapa pana nyuma, upepo ukayagandamiza chini, yakakata kona kwa kasi ya ajabu. Ila kila bawa lilitupa nyuma yake upepo uliovurugika. Gari lililofuata likiingia humo huteleza na kuyumba, na dereva hurudi nyuma apone. Aliyetangulia kona ya kwanza ndiye aliyetangulia kona ya mwisho. Mwaka huu hivyo, mwaka uliofuata hivyo hivyo.

Basi mama akawaita wanawe watatu, akashika usukani wa gari la baba yao, kumbukumbu pekee iliyobaki. "Atakayeniwezesha kuisikia ile honi kabla sijaenda zangu, usukani huu ni wake."

Sakina, mtoto wa kati, alikuwa kwenye kamati ya mashindano. Akapendekeza sheria mpya: mabawa yapunguzwe, tumbo la gari lichongwe upya, upepo unaopita chini ndio ulishike gari barabarani bila kumvurugia aliye nyuma. Sokoni walimzomea, wakasema anataka magari yatembee kama mikokoteni. Na kweli, kwenye kona mwendo ulipungua. Sakina aling'ang'ania hadi sheria ikapita, kisha wakamtoa kwenye kamati.

Siku ya mbio ikafika. Aliyetangulia kona ya kwanza alikuwa Hoza, kifungua mimba, bingwa wa miaka yote. Madereva wengine wakakaa mbali naye kama walivyozoea, sheria mpya au la. Isipokuwa Kilua, kitindamimba. Huyu aliwahi kubingirika ndani ya upepo ule akavunjika bega, na hofu alikuwa nayo, msidanganyike. Hata hivyo akasogea. Gari likatulia. Akasogea tena, likatulia. Kona ya mwisho akaingia kwa ndani, akampita kaka yake.

Hoza aliuona ubingwa unamponyoka. Kisha akaikandamiza honi, akaikandamiza kwa muda mrefu.

Mama alisimama, machozi yanamtoka. "Huyo baba yenu," akasema, na jirani akamshika asianguke kwa furaha.

Jioni usukani uliwekwa mezani, na hapo ndipo utamu ulipoingia mgogoro.

Sakina akasema, "Bila sheria yangu, Kilua angekuwa bado anakula vumbi. Nimezomewa na kiti changu nimekipoteza."

Kilua akasema, "Sheria haiendeshi gari, dada. Madereva wote walikuwa nayo. Nani mwingine alithubutu kusogea?"

Hoza akacheka kidogo, maana aliwapenda wote wawili. "Mama hakuomba sheria, wala hakuomba mtu apitwe. Aliomba honi. Ningeweza kununa na kwenda zangu nyumbani. Nimepoteza ubingwa, na bado nikaipiga."

Mama akawapapasa nyuso, mmoja baada ya mwingine, akatabasamu, akashindwa kuamua. Usukani ni mmoja na haukatwi vipande kama mkate. Tangu siku hiyo uko pale pale mezani, wanakula ugali kando yake.

Nanyi mnaonisikiliza, msiniangalie mimi, nami naogopa kumuudhi mmoja wao. Mama anasubiri jibu. Je, nani alistahili usukani wa baba?