Behewa Moja la Mwisilembe

Hapo zamani, mwisho kabisa wa reli, kulikuwa na mji wa Mwisilembe. Mbali! Habari ya msiba ikifika huko, kaburi limeshaota majani. Wengine wanausikia tu. Mimi naujua mpaka mbwa wake kwa majina.

Siku moja zikaja habari: wakubwa wa reli wanakuja kuupima mji. Wakikuta unakua, treni itabaki. Wakikuta umelala, reli inang'olewa.

Nyamizi mrina asali hakula siku tatu. Ghalani alikuwa na mapipa arobaini, kila pipa tembo anaogea. Mvua ikiitangulia treni, asali yote inachacha.

Sasa, watu wa Mwisilembe wana adabu kuliko akili. Mgeni akija, maduka yote yanafungwa, watu waende kumpokea. Wakafunga! Kinyozi akamwacha mtu na ndevu shavu moja. Wageni wakashuka, wakatazama: makufuli matupu.

"Mji huu umekufa," mkubwa wao akasema, akageuka kurudi kwenye treni.



Mihambo mchukuzi akawakingia njia. "Wakubwa, leo sikukuu! Jana hapa hapakuwa na pa kukanyaga." Uongo mtupu. Lakini wakasimama.

Waliposimama, wakaona moshi. Mama Kalunde, muuza mchele na wali, alikuwa amekataa kuzima jiko. "Mgeni hali heshima," alisema, "anakula wali." Wenzake wakamzomea asubuhi nzima. Wageni wakaufuata moshi, wakala, nyuso zikakunjuka.

Ndipo Nyamizi akafungua ghala. "Onjeni." Wakaonja, wakahesabu mapipa mpaka vidole vikawaishia.

"Treni itabaki," mkubwa akasema. "Ila kabla ya mvua litakuja behewa moja tu. Apewe aliyeuokoa mji."

Weee!

"Langu!" Mihambo akadakia. "Karanga nilizolima zinaota ukungu. Bila mimi wangeshaondoka."

"Kwa uongo wako?" Mama Kalunde akacheka. "Uongo haushibishi, kaka. Mchele wangu umeingia fukusi, na nilizomewa peke yangu."

"Jamani," Nyamizi akasema, "wewe uliwasimamisha, wewe ukawalisha. Lakini waliuona mji unakua kwenye nini, kama si asali yangu?"

"Asali uliyoifungia mwenyewe!" wakamjibu kwa pamoja.

Mashariki radi ikanguruma. Ubishi haujakwisha, behewa likafika: mlango wazi, watu watatu wameushika.

Haya, ninyi mnaotingisha vichwa: mngekuwa ninyi, mngemwambia nani apakie?