Nyati na Mijohoro Mirefu

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu Mwanamvua, ambaye huotesha miche ya miti ya kivuli na ya kuzungushia ua kule Muheza. Sasa nawasimulia ninyi, wanangu. Sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kufagia nyua zao, Bi Kindi alikuwa na kiwanja kidogo karibu na kisima. Hapo ndipo alipolea watoto wake watatu, na hapo ndipo alipootesha miche yake katika vyungu.

Siku moja, mwanzoni mwa vuli, kikasikika kishindo. Tu! Tu! Tu! Bwana Nyati huyo, kaingia bila hodi.

"We Kindi! Kusanya watoto wako uhame. Nataka kulala karibu na maji."

"Nihamie wapi na watoto, Bwana Nyati?"

"Juu ya mti! Si ndiko kwenu? Ho! Ho! Ho!"

Bi Kindi akatuliza akili. Akamwita mjumbe wa kijiji, Bi Kanga, akasema mbele yake:

"Kiwanja kiwe cha anayejua kukitunza. Kila mmoja wetu apande mijohoro mitano hapa. Kabla masika hayajaanza, Bi Kanga atakuja kuikagua. Ambaye miti yake itakuwa hai, kiwanja ni chake."

"Yaani mimi nishindwe na kitu chenye mkia kama ufagio?" Nyati akapuliza pua. "Nakubali! Ila naanza kuchagua mimi."

Pembeni ilisimama miche mitano mirefu ya mijohoro, iliyokuwa katika vyungu vilevile kwa miaka mitatu. Mbele yake ilikuwapo mitano mifupi, iliyooteshwa mwaka huo.

"Chagua, bwana," alisema Bi Kindi. "Ila usichukue hiyo mirefu, nakusihi."

"Kwa nini?"

"Imekaa mno katika vyungu. Haifai."

"Haifai!" Nyati akamgeukia mjumbe. "Umesikia, Bi Kanga? Anaificha ile mizuri!"

"Chukua hii mifupi, tafadhali."

"Kaa nayo wewe, mfupi mwenzao!"

"Basi angalau ifungue mizizi kabla ya kupanda. Imejiviringa."

"Niichezee mizizi ili ife? Loo! Mjanja wewe!"

Nyati akavunja vyungu kwa kwato, pa! pa! Mizizi ikatoka imejiviringa, duara kama chungu chenyewe. Akaisukuma katika mashimo membamba yenye kina kirefu, akashindilia udongo mpaka ukawa kama sakafu. Kila adhuhuri alimwaga ndoo nzima, mwaa! Maji yakakimbilia njiani.

Bi Kindi alichimba mashimo mapana, yasiyozidi kina cha chungu. Aliinyoosha mizizi kwa vidole, akapanda shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ikiwa sawa na ardhi. Akaweka tuta dogo kuzunguka kila mche ili maji yasikimbie, akatandaza nyasi kavu, lakini hakuzigusisha na shina. Jioni alimwagilia taratibu, udongo ukanywa.

Miezi miwili ya kwanza, mijohoro ya Nyati ilimeremeta.

"Bi Kindi!" aliita kila asubuhi. "Umeshafunga mizigo?"

Watoto wakauliza, "Mama, tutahama?"

"Nendeni mkachote maji," alijibu mama yao.

Kisha kiangazi kikaja. Majani ya miti ya Nyati yakawa manjano, yakapukutika. Upepo ukavuma, vuu! Mti wa kwanza ukalala chini, kisha wa pili. Siku Bi Kanga alipofika, mitatu iliyobaki ilikuwa fimbo kavu. Ile mitano ya Bi Kindi ilikuwa imemfikia Nyati mabegani, kijani tupu.

Nyati akaukamata mmoja wa kwake kwa mdomo, akauvuta. Pwachu! Ukatoka mzima. Mizizi ilikuwa bado duara kama chungu. Hakuna hata mzizi mmoja uliokwenda kutafuta maji.

"Umenidanganya!" akanguruma.

"Nimekudanganya wapi? Bi Kanga, nilimwambia nini?"

"Alikuambia isiyofaa ni ipi, inayofaa ni ipi, na mizizi uifanyeje," alisema Bi Kanga. "Nilikuwapo."

"Na nilikuambia," alisema Bi Kindi, "kwa kuwa nilijua ukweli wangu utaufanya kinyume. Ningekudanganya, pengine ungeshinda."

Watoto wa Kindi wakaangua kicheko, kwi! kwi! kwi! Nyati akainamisha pembe, akaondoka, na safari hii hakikusikika kishindo.

Mkubwa asiyemsikiliza mdogo hushindwa hata kwa ukweli.

Shangazi alipomaliza kunisimulia, niliona haya. Asubuhi yake nilitoka uani mapema, nikauchimbua mlangilangi nilioupanda pamoja na kiriba chake cha plastiki, nikakichana, nikainyoosha mizizi kwa vidole, nikaupanda upya.