Mfereji wa Maji ya Moto

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri, jamani, maana ya leo si ya kucheka.

Hapo zamani za kale, juu ya mlima wenye baridi kali, wanyama waliishi mapangoni. Kila mmoja alikoka moto wake. Wakakata miti, kata, kata, kata, mpaka msitu ukabaki visiki. Moshi ukajaa mapangoni. Watoto wakakohoa, kho, kho, kho.

Siku moja Fuko, mchimbaji hodari, akagundua chemchemi ya maji ya moto kule juu miambani. Bwata, bwata, yanachemka bure. Akawaita wenzake, akawaambia wachimbe mfereji mmoja, waufunike kwa mawe, maji yashuke pango hadi pango na joto limfikie kila mtu. Kuni basi, moshi basi. Wote wakakubali. Kukubali ni rahisi, wanangu.

Lakini mlima ule ulikuwa na desturi yake: kila mtu huchimba mlangoni pake. Nyani akachimba mlangoni pake. Bi Pimbi akachimba mlangoni pake, akapasawazisha, pakapendeza. Kisha wakafuta majembe, wakaketi.

Kati ya mlango na mlango hakuchimba mtu.

Fuko akamwendea Bi Pimbi. "Dada, kati yako na Nyani zimebaki hatua ishirini tu. Nisaidie."

"Mimi pangu nimemaliza," akasema Bi Pimbi. "Hapo ni pa Nyani."

Nyani naye, alipoulizwa, akasema hapo ni pa Pimbi.

Basi Fuko akachimba peke yake. Chimba, chimba, kucha zikalika. Na kidole kimoja hakivunji chawa. Baridi ikaja, si ya mchezo. Kuni hakuna, miti imekwisha. Kitindamimba wa Bi Pimbi akatetemeka siku tatu. Siku ya nne akanyamaza.

Siku ya tano maji yakafika, shwaaa! Pango likapata joto. Bi Pimbi akatia mkono majini, akalia.

"Kazi ile ningeimaliza asubuhi moja," akasema.

Hata mimi nikiisimulia hii, moyo huniuma.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo: joto la wote huchimbwa na wote, hata pale pasipo mlangoni pako. Hadithi yangu imeishia hapo, na uchungu wake nimewaachia.