Jina la Binti wa Sikudhani

Hapo zamani, si ile ya wafalme na majini, bali zamani ya juzijuzi, tamthilia za Kikorea zilipokuwa zikifika Tanga kwa CD, alikuwapo binti mmoja aliyeitwa Sikudhani. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye sauti ya chini hata anapofukuza kuku. Baba yake alikuwa amefariki. Yeye na mama yake, Bi Kibibi, waliishi katika nyumba ya ukoo, chini ya amri ya baba yake mkubwa, Mzee Hamza.

Sikudhani alisoma, akafaulu, akapata nafasi katika chuo cha uuguzi. Mzee Hamza akamwita.

"Posa imeshaletwa," akamwambia. "Na mwenye posa hataki mke wa kuzunguka mawodini. Ijumaa baada ya swala tutakaa kikao, utupe jibu lako. Jibu lenyewe tunalijua."

Sikudhani akainamisha kichwa. Akatoka, akaenda saluni.

Saluni ilikuwa ya Mwantumu, msusi wa Ngamiani, mwanamke mwenye mkono mwepesi na ulimi mwepesi kuliko mkono. Kutwa televisheni yake ilizungumza Kikorea. Lakini nani alikijua Kikorea? Hakuna. Kila CD ilitiwa sauti ya mtafsiri mmoja wa pale mjini, aliyejiita Dijei Tarumbeta. Mfalme akinguruma, ni Tarumbeta. Malkia akilia, ni Tarumbeta. Mtoto akizaliwa, anayelia ni Tarumbeta. Na watu wote waliamini kwamba Tarumbeta anakijua Kikorea kama anavyoijua njia ya kwao.

Msimu ule walikuwa wakitazama habari za mwanamke mfinyanzi. Jina lake Han Byol, ila wanawake wa saluni walimwita Habiba, na likamkaa. Katika nchi yake ilikuwa mwiko mwanamke kulikaribia tanuru la vyombo vya mfalme, eti macho yake hupasua udongo. Habiba akalikaribia. Vyombo vikatoka vyeupe kama maziwa, sifa akapewa kaka yake. Akafinyanga tena. Akaolewa, baba mkwe akamnyang'anya gurudumu la kufinyangia. Akafinyanga kwa mikono mitupu. Akafungiwa stoo, akauchimba udongo wa sakafuni, akafinyanga tena.

"Huyo ndiye mwanamke!" walisema wateja, vichwa nusu vimesukwa, nusu vimefumuliwa. "Wanamfungia mlango huu, anatokea ule!"

Alhamisi, kesho yake ndiyo kikao, CD mpya ikawekwa. Wanawake wakatazamana. Sauti haikuwa ya Tarumbeta. Ilikuwa ya mwanamke, tena mwanamke mwenye hasira zake. Katika kioo cha televisheni, baba mkwe alisimama akaonyesha vyombo kwa kidole: vivunjwe! Habiba akainua uso. Midomo ikamtetemeka. Ile sauti ya kike ikasema:

"Baba mkwe, nakuheshimu. Lakini tanuru hili nimeliwasha mimi, na moto wangu hauzimwi na mtu asiyejua ulivyowaka."

CD ikaishia hapo. Saluni ikalipuka kwa vigelegele. Sikudhani peke yake hakupiga kigelegele. Aliyarudia maneno yale kimoyomoyo, mara na mara, kama mtu anayejifunza dua.

"Weka nyingine, Mwantumu!"

"Imekwaruzika."

"Si umeileta leo asubuhi, mpya kabisa?"

"Imekwaruzika, nasema! Mnataka niape kwa kichwa gani, hiki ninachokisuka?"

Wateja wakanuna. Wakahamia saluni ya mtaa wa pili, ambako CD hazikwaruziki, na wengi hawakurudi tena.

Ijumaa ikafika. Wazee wakakaa kwenye mkeka, Bi Kibibi akakaa nyuma ya pazia. Mzee Hamza akakohoa. "Haya, mwanetu. Jibu."

Sikudhani akainua uso. Midomo ikamtetemeka.

"Baba mkubwa, nakuheshimu. Lakini shule nimeisoma mimi, na moto wangu hauzimwi na mtu asiyejua ulivyowaka."

Mzee Hamza akainuka, kofia ikamwanguka. "Moto? Moto gani? Basi nenda nao! Na mama yako aliyekufunza ujeuri huo mwende pamoja. Nyumba ya ukoo mtoke leo hii, kabla jua halijazama!"

Sikudhani akatafuta neno jingine. Habiba hakuwa amesema zaidi ya hapo.

Ndipo pazia likafunguka. Bi Kibibi, ambaye hakuwahi kusikika kikaoni tangu aolewe, akaja akapiga magoti, akaishika miguu ya shemeji yake.

"Shemeji, kosa ni langu, malezi ni yangu. Mwache mtoto aende. Mimi nitabaki. Nitapika, nitafua, nitamgeuza mama yenu kitandani na kumwogesha. Hamtanisikia nikiguna."

Mama yao alikuwa amepooza, na wakwe wengine wote walikuwa wameshamkimbia. Wazee wakatazamana. Mzee Hamza akaokota kofia yake. "Aende," akasema.

Sikudhani akaenda chuoni, kichwa juu kwa maneno yake, na moyoni akiyaonea haya magoti ya mama yake. Muda wote alioisomea kazi, Bi Kibibi alipika, alifua, aligeuza mgonjwa. Hakuguna.

Siku zikapita, Sikudhani akawa muuguzi. Akaolewa na mwanamume aliyempenda, akazaa mtoto wa kike.

Sasa sikilizeni. Katika ukoo wao, binti wa kwanza hupewa jina la mwanamke aliyemvusha mama yake penye shida. Mwanamke huyo huwa somo yake. Huketishwa mbele katika kila furaha ya mtoto, na akizeeka, mtoto huyo ndiye humlisha kwa mkono wake. Jina ni moja. Haligawanywi.

Siku ya jina, mwalimu wa madrasa akaja, wanawake wakajaa chumbani. Sikudhani akasema, "Nataka aitwe Habiba. Maneno ya yule mfinyanzi ndiyo yaliyonivusha."

Mwanamke mmoja mkavu, aliyekaa karibu na dirisha, akacheka hadi akashika mbavu. Alikuwa Semeni, mke wa Dijei Tarumbeta.

"Habiba gani, mwanangu? Mume wangu Kikorea hajui hata salamu! Alikuwa akizitazama nyuso na kubuni. Siku ile sauti ilimkauka, akaniambia, keti, sema lolote. Nikamwona yule mama wa watu anatetemeka. Nikayasema niliyotamani kumwambia baba mkwe wangu mwenyewe. Wenye duka la CD wakakasirika, wakasema mwanamke anawaharibia kazi, na sikukishika kipaza sauti tena maishani. Maneno yale ni yangu. Mtoto sikujaaliwa. Aitwe Semeni!"

"Weee!" Mwantumu akadakia. "Maneno yako matamu, shoga, lakini yangeishi kwa muda gani? Ile CD ya pili haikuwa imekwaruzika. Nilikuwa nimeitazama peke yangu asubuhi. Habiba alipiga magoti mbele ya mkwe, akavivunja vyombo vyake kwa mkono wake! Nikamwona huyu mtoto anavyoyanywa yale maneno, nikaificha CD chini ya nywele za bandia. Wateja wakanihama, saluni ikafa, leo nasuka uani kwangu. Angemwona Habiba chini, naye angekwenda chini. Aitwe Mwantumu!"

Sikudhani akamtazama. "Na baada ya kuvivunja? Ikawaje?"

"Mkwe akamwacha abaki tanuruni, afagie majivu. Akafagia, akafagia, mpaka akaujua ule moto kuliko wanaume wote. Tamthilia ilipokwisha, tanuru lilikuwa lake."

Sikudhani akageuka taratibu. Mama yake alikuwa mlangoni na sinia la kahawa, mikono imepasuka kwa sabuni.

"Na wewe, mama? Husemi?"

"Niseme nini, mwanangu? Mimi nilipiga magoti tu. Magoti nayo huitiwa mtoto?"

Kicheko kikamkatika Semeni. Akauliza kwa upole, "Bi Kibibi, kama mtoto asingesema yale, ungepiga hayo magoti?"

"Nisingepiga. Moyoni nilikuwa nimeshaikubali posa."

"Na usingeyapiga," Mwantumu akasema, "mngelala barabarani nyote wawili, na maneno yenu mazuri."

"Alaa! Kumbe unamtetea?" Semeni akamgeukia.

"Simtetei mtu! Nasema kilichotokea. Jina nalitaka vilevile."

Mwalimu akagonga mlango. "Jamani, mtoto anangoja."

Sikudhani akampakata binti yake. Akamtazama Semeni aliyeyatunga maneno. Akamtazama Mwantumu aliyeyalinda. Akamtazama mama yake aliyeyalipia. Akainamia sikio la mtoto, akalitamka jina moja, kwa ile sauti yake ya chini, wala waliokuwa mlangoni hawakulisikia.

Msiniulize mimi, nami nilikuwa mlangoni. Nawauliza ninyi mlioyasikia yote: je, nani alistahili?