Siku ya Mwongo wa Kwanza

Hapo zamani, watu walipohesabu mwaka kwa miongo, siku kumi kumi tangu Siku ya Mwaka mpaka irudi tena, palikuwa na mji ukiitwa Mateteni, kando ya ziwa lililozungukwa na matete na mashamba ya mpunga. Katika mji huo alikaa maskini mmoja, jina lake Machano, ambaye mali yake yote ilikuwa kibanda, jembe, na bata bukini mmoja jike, mweupe, mwenye shingo ndefu na hasira za karibu.

Bata yule alilelewa tangu yai na Mize, mkewe Machano. Na kwa kuwa alimfuata Machano kila aendako, na kumdonoa kila mwanamke aliyemsalimu, Mize alimpa jina la Mke Mwenza. "Wenzangu huletewa wake wenza wenye kusuka nywele," alikuwa akisema, "wangu mimi ana manyoya."

Mize aliugua. Siku yake ya mwisho alimwuliza mumewe, "Machano, mpunga mpya nitaula?" Machano akamjibu, "Utaula mpaka uuchoke." Mke Mwenza alikuwapo, amekaa mlangoni. Mize akafa kabla mpunga haujachanua. Tangu hapo Machano alikaa na bata wake, na watu wakamhesabu mpumbavu, kwa sababu kila asubuhi humwamkia bata kwanza, ndipo awaamkie majirani.

Basi Sultani wa mji ule, Sultani Shaibu, alikuwa mtu mwenye moyo mwema na shabaha mbaya. Hakuna alichokipenda kama kuwinda bata mwitu. Kila aendapo ziwani hutanguliwa na ngoma, na nyuma ya ngoma siwa, baragumu la enzi, na nyuma ya siwa wapishi watatu, ambao huanza kukaanga vitunguu pale pale ufuoni ili bata akianguka asikute sufuria imepoa. Bata wakisikia ngoma huinua vichwa. Wakinusa vitunguu huondoka. Mishale ya Sultani ikaangukia matete, ikaangukia mitumbwi, na mara moja ikaangukia kilemba cha Waziri Badi, ambaye tangu siku ile haendi kuwinda ila amevaa sufuria ndogo chini ya kilemba.

Ikawa mwaka mmoja ziwa likabaki tupu, hata unyoya hauonekani. Sultani akawakusanya wakubwa barazani, akasema, "Bata wangu wamekwenda wapi?"

Waziri Badi akajibu, "Bwana wangu, bata wamekosa adabu kwa kuwa hawajui siku yao. Wawekewe siku maalumu ya kuwindwa. Siku nyingine waachwe wanenepe. Siku yao ikifika, wahudhurie."

Rai ile ikawapendeza wote, ila siku yenyewe wakaigombania tangu asubuhi mpaka alasiri. Mtazama nyota alitaka mwongo wa ishirini. Mkuu wa wapishi alitaka wakati wa mpunga mpya, maana alisema bata bila wali ni msiba. Sultani akachoka, akapiga goti lake kwa kiganja. "Mwongo wa kwanza! Andikeni, twendeni tukale."

Kesho yake mbiu ya mgambo ikalia, na mpiga mbiu akasoma: "Bata wote wa Mateteni, wa mwitu na wa nyumbani, watawindwa ziwani siku ya mwongo wa kwanza, wala si siku nyingine. Maneno ya Sultani hayaongezwi wala hayapunguzwi. Mwenye kuyavunja, mkubwa au mdogo, atapandishwa punda kinyumenyume na kuzungushwa mjini."

Yale maneno "na wa nyumbani" yalikuwa ya Waziri, aliyeogopa Sultani asirudi mikono mitupu. Na bata wa nyumbani mjini mle alikuwa amebaki mmoja tu, wengine wamekwisha liwa arusini.

Machano akaenda barazani, akainama. "Nashika miguu, bwana wangu."

"Marahaba, Machano. Na bibi mkubwa hajambo?"

Watu wakacheka. Machano akangoja wamalize. "Hajambo, bwana, ila tangu asikie mbiu hali vizuri. Bwana wangu, bata yule ni amana niliyoachiwa na marehemu. Naomba umwondoe katika amri."

Waziri Badi akadakia, "Kumwondoa ni kupunguza. Hukusikia? Hayaongezwi wala hayapunguzwi!"

"Na kuyaeleza, mheshimiwa?"

"Kuyaeleza ni kuongeza. Maneno ni kama yalivyo."

Machano akamgeukia Sultani. "Ndivyo, bwana?"

"Ndivyo," akasema Sultani, "nimeapa kwa kilemba changu. Nawe utamleta bata wako ziwani siku ya mwongo wa kwanza. Usipomleta, utapanda punda, na bata ataliwa vile vile."

Machano akatazama midomo ya Waziri kama mtu aliyeona punje imeanguka. Kisha akasema, "Nimesikia na nimetii. Siku ya mwongo wa kwanza, nitamleta."

Ikafika Siku ya Mwaka, watu wakaenda ziwani kuoga mwaka kama ilivyo desturi, na hesabu ya siku kumi ikaanza. Siku ya pili Machano akatoka, Mke Mwenza nyuma yake, akaenda kwa kinyozi.

"Samahani, ndugu yangu. Ati wewe ndiwe mwongo wa kwanza?"

"Mimi?" Kinyozi akaacha kichwa cha mtu nusu. "Nenda kwa muuza samaki! Jana kaniuzia kambale wa juzi, akaapa bado anapumua."

Muuza samaki hakukasirika. "Mimi labda wa tatu, wa nne, sikatai. Lakini wa kwanza? Na mshenga Kihiyo yu hai? Si yeye aliyemwoza Bi Tatu kwa kusema ana meno yote?"

Mshenga akasema, "Nilisema anayo yote. Sikusema yako kinywani. Machano, mimi kwa uongo ni mtoto mdogo." Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanyosha kidevu kuelekea nyumba ya Waziri.

Machano akaenda nyumba ile, akauliza kwa adabu kama alivyouliza kwingine. Akafukuzwa kwa fimbo mpaka njia panda. Na fimbo ile Mke Mwenza akaidonoa ikavunjika.

Basi siku ya kumi ikatimia. Ngoma zikalia, siwa ikalia, vitunguu vikaingia mafutani. Sultani akasimama ufuoni na upinde wake, na Waziri nyuma yake kichwa kimemkaa kizito. Mji mzima ulikuwapo. Machano naye alikuwapo, amekaa juu ya jiwe, peke yake. Na punda alikuwa amekwisha letwa.

"Bata yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Nyumbani, bwana wangu. Anangoja siku."

"Siku si ndiyo leo!"

"Alhamdulillahi. Kumbe amepatikana?"

"Nani?"

"Mwongo wa kwanza."

Watu wakatazamana. Waziri Badi akaruka mbele. "Mpumbavu we! Mwongo ni siku kumi!"

"Mheshimiwa," akasema Machano taratibu, "unaeleza?"

Waziri akafumba kinywa, kwa maana punda alikuwa karibu. Akafikiri, akakifumbua tena. "Sielezi. Nasema lugha tu. Siku kumi huingia kwa u, husemwa mwongo umeingia. Mtu huingia kwa a, mwongo ameingia. Kila mtu ajua!"

"Kweli tupu," akasema Machano. "Basi karani asome. Imeandikwa 'mwongo umeingia' au 'mwongo ameingia'?"

Karani akasoma, akageuza karatasi, akasoma tena. "Haikuandikwa yote mawili. Imeandikwa 'siku ya mwongo wa kwanza' basi."

Sultani akanusa. "Vitunguu vinaanza kuungua! Basi na atoke huyo mwongo wa kwanza, upesi, tumalize kazi!"

Hakutoka mtu. Machano akasimulia alivyozunguka: kwa kinyozi, kwa muuza samaki, kwa mshenga, na alipofika kwa mshenga akanyamaza. Lakini macho ya mji mzima yakaenda yenyewe kwa Waziri.

"Badi," Sultani akamwambia kwa sauti ndogo, "kubali, tule."

"Bwana wangu! Mimi tangu kuzaliwa sijapata kusema uongo hata mara moja!"

"Huyo! Ametoka!" akapaza sauti mshenga, na watu wakaangua kicheko. Machano akaona kuwa Waziri akikubaliwa kuwa ndiye, Mke Mwenza amekwisha.

Akasimama upesi. "Mzee Kihiyo, ndiwe unayesema mbele ya Sultani kwamba Waziri wake ni mwongo?"

Mshenga akamtazama punda. "Nani? Mimi? Nilikuwa nakohoa."

Hapo subira ya Sultani ikakatika. "Basi ni mimi!" akanguruma. "Mimi Shaibu ndimi mwongo wa kwanza! Leteni bata!"

Machano akapiga magoti. "Bwana wangu, neno lako hilo ni la kweli au la uongo? Likiwa la kweli, basi mwenye kulisema ni msema kweli, na msema kweli si mwongo. Likiwa la uongo, basi si wewe uliye wa kwanza. Kwa njia zote mbili, siku bado."

Sultani akafungua kinywa. Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kulia, akahesabu kwa vya mkono wa kushoto, akasahau kuwa mkononi ameshika upinde. Mshale ukaponyoka, ukapaa, ukageuka, ukaanguka juu ya kilemba cha Waziri: ngwaaa! kama kengele. Kilemba kikadondoka, na sufuria ikabaki kichwani inang'aa juani.

"Badi," akasema Sultani, "hukupata kuniambia kuwa unaniamini namna hiyo." Kisha akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, na punda akamsaidia kucheka.

Alipopata pumzi akasema, "Maneno yangu hayaongezwi wala hayapunguzwi. Bata na wangoje, nasi tungoje. Na wewe Machano, nakupa shamba la mpunga lililo kando ya ziwa. Kazi yako, kila Siku ya Mwaka uje barazani uulize kama mwongo wa kwanza amepatikana."

Ikawa hivyo. Kila mwaka Machano huuliza, na kila mwaka watu wote wa Mateteni huapa kuwa si wao. Ngoma zikanyamaza, vitunguu vikarudi jikoni, na mwaka wa tatu bata mwitu wakarejea kwa makundi. Sultani akawa huja kuwatazama tu, bila upinde, na Waziri huja kichwa chepesi.

Na mpunga wa kwanza wa shamba lile ulipoiva, Machano aliutwanga mwenyewe, akaupika, akaweka konzi moja ya wali mbele ya Mke Mwenza pale mlangoni.

"Mwongo wa kwanza unamjua wewe peke yako," akamwambia. "Ulikuwapo nilipomjibu Mize, ukasikia."

Bata akala wote, akamdonoa kidole, wala hakumwambia mtu.

Hekaya yangu nimeiacha pale pembeni mwa matete. Apitaye aiokote, ila asipige ngoma.