Nundu Isiyokatwa

Hapo zamani, zamani za kweli, enzi ambazo mbu alikuwa anabisha hodi kabla ya kuuma, palikuwa na vijiji viwili mlimani, Kwazingo na Mtindili. Vijiji viwili, chemchemi moja. Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa, ukakua, ukaota ndevu.

Kila baada ya mavuno, kila kijiji kilitoa mtu mmoja, wakashikana mieleka. Kijiji kilichoshinda kilichota maji alfajiri, maji safi, unajiangalia ndani mpaka meno. Kijiji kilichoshindwa kilisubiri ng'ombe wa wenzao wanywe kwanza, waoge, na wafanye yale mengine ambayo ng'ombe huyafanya majini bila aibu. Kwazingo walikuwa wamechota maji ya pili kwa miaka mingi, hata watoto wao wakaamini kwamba maji, kwa kuumbwa kwake, yana rangi ya uji wa ulezi.

Aliyewanywesha tope hilo alikuwa Ngwatu wa Mtindili. Kifua anacho, shingo anayo, lakini silaha yake ilikuwa mdomo. Kabla hamjashikana anakutukana. Damu inakupanda, unamrukia kama paka aliyemwagiwa maji ya moto. Yeye anasogea pembeni, anakugusa mgongoni kidogo, na safari iliyobaki unaimaliza mwenyewe. Chali! Hivyo ndivyo alivyomwangusha baba yake Shebuge wa Kwazingo, miguu juu, mbele ya vijiji vyote viwili. Mzee yule hakukanyaga tena penye ngoma wala harusi mpaka alipokufa.

Na sasa zamu ilikuwa ya Shebuge.

Shebuge alikuwa kijana mkubwa, mpole, aliyeogopa vitu viwili tu duniani: kuanguka kama baba yake, na mjomba wake.

Mjomba huyo aliitwa Kiondo, fundi wa kuwakaza wapiganaji kwa njia za kale. Njia zenyewe hazikuwa na huruma. Alimsimamisha mpwa wake kwenye maji ya baridi mpaka meno yakagonga ngoma. Alimsukumanisha na fahali, na fahali ndiye aliyeomba kupumzika. Alimpa mchi akatwange mahindi ya mtaa mzima, akinamama wakaketi wakinyoosha miguu, wakaomba mieleka iwe kila mwezi. Lakini yote hayo yalikuwa salamu tu. Kazi yenyewe ilikuwa jiwe.

Lilikuwa jiwe la kusagia la bibi zao, pana, zito, baridi, lisilo na pa kushika. Mjomba Kiondo alilipa jina: Bi Harusi.

"Mbebe Bi Harusi!" alinguruma kila asubuhi. "Mkumbatie! Bi harusi haburuzwi, anabebwa! Mpandishe mlima, mshushe, ndipo unywe uji!"

Shebuge akambeba. Na kila alipopanda, njiani alimkuta Siwema.

Siwema alikuwa binti wa shangazi yake, na kwa watu wa pale mtoto wa shangazi ni mtani wako: ana ruhusa ya kukutukana popote, wakati wowote, na ukikasirika wewe ndiye mkosaji. Wengine ruhusa hiyo huitumia sikukuu. Siwema aliitumia kama chumvi. Hata matangani kwa baba yake Shebuge, ambako mtani hutakiwa kuwachekesha wafiwa, Siwema alijifunga kibwebwe cha marehemu, kile kile cha mieleka, akajibwaga chali, miguu juu, akalia, "Jamani niokoteni, nimedondoka kama fenesi!" Waombolezaji wakacheka mpaka wakashikana mabega. Shebuge alicheka nao kidogo, kisha akaenda nyuma ya migomba akalia peke yake. Mavuno yale yakapita hajamsemesha.

Sasa huyo huyo Siwema alimsubiri kwenye mteremko, mikono kiunoni.

"Hodi, mtani! Umeoa jiwe? Pole, ndilo lililokubali posa! Tembea vizuri, unachechemea kama bata mwenye mimba! Baba yako alidondoka mara moja, wewe utadondoka mpaka ardhi iombe talaka!"

"Siwema, leo niache," Shebuge alihema.

"Nikuache nimtukane nani? Mbuzi?"

Na hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Mjomba akanguruma, Shebuge akabeba, Siwema akatukana. Na mkewe Shebuge, Semeni, mwanamke mdogo wa maneno machache, akakoroga uji, akanyamaza.

Siku moja goti la Shebuge likavimba, likawa kama papai. Akamwambia mjomba, kwa sauti ya chini, kama anayeomba kukopeshwa mke.

"Goti linauma?" mjomba akauliza. "Hongera! Maana yake lipo. Marehemu magoti hayawaumi. Mbebe Bi Harusi!"

Shebuge akambeba. Mjomba akanguruma, Siwema akatukana, Semeni akaliangalia goti, akakoroga uji, akanyamaza.

Mieleka ikiwa imekaribia, goti likiwa sasa linalia kama mlango mbovu, asubuhi moja mjomba Kiondo alifika uani, akapiga ukelele uliowaamsha popo.

"Bi Harusi katoroka!"

Kweli. Jiwe halipo. Pamebaki duara la vumbi na jongoo mmoja mwenye mshangao.

"Mtindili!" mjomba akasema. "Mtindili wameiba jiwe letu!"

Vijana wakachukua fimbo, wakashuka mpaka mpakani, nusura damu imwagike siku ile. Mtindili waliapa kwa makaburi yao kwamba hawajaiba jiwe, wao mawe wanayo. Zoezi likasimama. Mjomba alizunguka uani kama mjane, akikataa mawe mengine yote: hili jepesi, lile lina pembe, lile halina adabu. Shebuge, bila mzigo, akakaa. Semeni akamkanda goti kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Papai likawa embe, embe likawa limau, limau likawa goti.

Siku ikafika.

Uwanja ulijaa. Shebuge akaingia akiwa amejifunga kibwebwe cha baba yake. Ngwatu akamtazama juu mpaka chini, akacheka. Akaanza na matusi ya mama. Akaja kwa bibi. Shebuge akasimama. Ngwatu akaona siku hii ni ngumu, akatoa silaha ya akiba: akajilaza mchangani, chali, miguu juu, akapiga kelele, "Niokoteni! Mimi ndiye baba yake Shebuge!"

Kwazingo nzima ikafumba macho. Walijua kinachofuata. Kijana ataruka, jamaa atasogea, na maji ya ulezi yataendelea.

Shebuge alihisi damu inapanda. Ikapanda mpaka kifuani, ikasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Maana alimtazama Ngwatu pale chini, na wazo moja tu likamjia: Siwema alianguka vizuri zaidi.

Akacheka. Si cheko la dharau, cheko kabisa, la mabega.

"Miguu, kaka," akasema. "Miguu ya marehemu ilipanda juu zaidi. Na umesahau fenesi."

Uwanja ukalipuka. Mpaka Mtindili walicheka, mpaka mke wa Ngwatu alificha uso kwa kanga. Ngwatu hakuwahi kuchekwa maishani mwake, na hakuna aliyekuwa amemfundisha namna. Akainuka, macho mekundu, akaruka yeye.

Shebuge hakusogea pembeni. Akafungua mikono, akamkumbatia. Wakashikana. Jua likawachoma, jasho likawafanya wateleze kama kambale, na Ngwatu hakuwa na pa kushikika; lakini Shebuge alishazoea kukumbatia kitu kisicho na pa kushika. Akapiga goti moja chini. Goti lile lile! Mjomba Kiondo akauma kofia yake. Goti likabeba. Shebuge akasimama nalo, Ngwatu mikononi, akampandisha mpaka kifuani, kisha akamlaza chini taratibu, kwa heshima. Bi harusi haburuzwi.

Kwazingo haikushangilia mara moja. Kwanza ilishusha pumzi, kijiji kizima kwa pamoja, pumzi iliyokuwa imebanwa miaka mingi, mpaka majani ya mgomba yakatikisika. Ndipo vigelegele. Watu walikimbilia chemchemi wakiwa na nguo zao. Bibi mmoja akachota maji, akajiona ndani, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi? Lakini maji mazuri!" Shebuge alikunywa, akajimwagia kichwani, akakaa tu majini akicheka peke yake. Mzigo uliokuwa begani kwake, ule ambao si jiwe, ulikuwa umeshuka.

Laiti hadithi ingeishia hapo, tungeenda kulala. Lakini palikuwa na nundu.

Desturi yao ilikuwa hivi. Akishinda mtu, huchinjwa fahali, nyama wanakula wote, walioshinda na walioshindwa. Nundu huchemshwa peke yake, ikawekwa kwenye chano. Mshindi mwenyewe huibeba, akamkabidhi mtu mmoja: yule aliyemjenga. Haikatwi. Hairudi chunguni. Na haitakiwi kupoa kabla ya kufika mkononi mwa mtu, kwa sababu nundu ikipoa, ushindi nao umepoa, na chemchemi inarudi kwa walioshindwa. Ukiuliza sababu utaambiwa wameikuta hivyo.

Basi Shebuge akasimama katikati, chano mikononi, mvuke ukipanda. Mtindili wote wakakaa mbele, macho kwenye ule mvuke. Ngwatu akavua kofia, akaanza kupepea upande ule ule. Eti joto.

Mjomba Kiondo akanyoosha mikono kama mtu anayepokea cha kwake.

"Lete, mpwa wangu. Mikono iliyombeba yule gogo niliitengeneza mimi. Maji ya baridi ni mimi. Fahali ni mimi. Jiwe ni mimi. Ungembeba kwa nini, kwa kope?"

"Ngoja kwanza, mjomba," Siwema akajitokeza. "Angemrukia kwa hasira, hiyo mikono ingekumbatia nini? Hewa? Baba yake hakuwa na mikono? Alikuwa nayo kama miti! Alichokosa ni ngozi ya moyo. Nani aliyemchuna mtani wangu mpaka ngozi ikaota upya? Nimeamka kabla ya kuku kuja kumtukana! Nina watoto, nina shamba, lakini niliacha kila kitu nikamtukana!"

"Ulimdhihaki marehemu, wewe!" mjomba akasema. "Kijana alilia."

"Nilimliza mimi nyuma ya migomba ili asilizwe na Ngwatu uwanjani. Na tena," hapo sauti yake ikashuka, "mwaka ule aliponinyima salamu, nani alipata usingizi? Si mimi."

Shebuge akamtazama. Hilo hakulijua.

Mvuke ukapungua. Ngwatu akapepea. Ndipo Semeni, aliyekuwa pembeni na mwiko wake, akasogea, akapiga goti mbele ya mjomba.

"Nisamehe, mjomba. Bi Harusi hakutoroka. Nilimviringisha mimi mpaka korongoni."

Hata kofia ya Ngwatu ilisimama hewani.

"Wewe?" mjomba akanong'ona.

"Mimi. Goti lilikuwa linakufa. Mume wangu alikuogopa, na mimi nilikuogopa zaidi. Kusema nilishindwa, nikaviringisha. Siku zile alizokaa ndizo zilizomponya. Bila hivyo, leo goti lingevunjika pale mchangani, na mikono yako, mjomba, na ngozi yako, wifi, vyote vingeanguka pamoja naye."

"Ulidanganya kijiji!" mtu akapaza sauti.

"Vijana nusura wauane!" mwingine akaongeza. Na kijana mmoja wa Mtindili akasema kwa uchungu, "Niliapa kwa kaburi la babu kwa ajili ya jiwe nisilolijua!"

"Nilikosa," Semeni akasema. "Lakini goti linasimama."

Mjomba Kiondo akamwinamia, akasema, "Lilivunjika?"

"Nani?"

"Bi Harusi."

"Hapana, mjomba. Lipo zima. Kuna mjusi anaota jua juu yake."

Na mzee yule mkali, mbele ya watu wote, akashusha pumzi kwa nguvu, kofia ikamdondoka, watu wakacheka mpaka wakasahau kugombana.

Lakini nundu haikucheka. Nundu ilikuwa inapoa.

Shebuge alimtazama mjomba, aliyempa nguvu na karibu amvunje. Akamtazama mtani, aliyempa moyo baada ya kuujeruhi. Akamtazama mkewe, aliyempa goti lake kwa uongo ambao nusura umwage damu ya wengine. Watatu wamenyoosha mikono, uzi mmoja mwembamba wa mvuke umebaki, na nyuma yake kijiji kizima kimebana tena pumzi.

Akapiga hatua, akaweka chano mkononi mwa mtu.

Ilikuwa bado ina joto, hilo msiwe na wasiwasi; Kwazingo walichota maji safi alfajiri iliyofuata, na Ngwatu alirudi kwao na kofia yake. Wale wawili walioikosa hawakununa hata siku moja. Walisema tu, "Hapo, kweli."

Lakini chano kilitua mkononi mwa nani? Ninyi mliokaa hapa mkila karanga zangu, semeni kabla hazijaisha: kati ya aliyemchosha, aliyemliza na aliyemdanganyia, nani alistahili nundu?