Valvu Imefungwa

Uwanja ule wa mafuta ulikuwa mkongwe kuliko wengi waliofanya kazi ndani yake. Mabomba yalikuwa yameliwa na kutu mpaka ukiyagonga yanalia kama debe bovu. Pampu, ambazo zamani ziliinama na kuinuka mchana kutwa kama watu wanaoitikia kila wanachoambiwa, zilikuwa zimesimama, na nyasi zimezipanda hadi shingoni. Visima bado vilikuwa na mafuta na gesi, ila vilitoa kwa ubahili, kama ng'ombe mzee anayekamuliwa kwa kubembelezwa. Ndipo wakaja wageni kuufufua. Walikuja na mitambo mipya, mkataba mpya, na lugha ambayo pale mjini hakuna aliyeijua isipokuwa mwanamke mmoja aliyeisoma chuoni zamani. Wakamwajiri awe mkalimani wao.

Wafanyakazi walimbandika jina la Kasuku, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurudia maneno ya wengine. Jina hilo halikumuudhi. Kilichomtafuna ni siri aliyoificha kifuani: lugha ile aliijua nusunusu. Akiambiwa aeleze habari za safari, au mvua, au kisa cha kitabuni, alitiririka kama maji. Lakini maneno ya mabomba na visima yalimpita mbali. Alichokijua alikisema, na asichokijua alikikisia. Kwa hiyo kila asubuhi alivaa ovaroli yake kwa hofu. Wenzake waliogopa gesi. Yeye aliogopa neno.

Kaka yake mkubwa alifanya kazi hapo hapo, fundi wa kukata na kuchomelea mabomba. Waliishi na mama yao katika nyumba ya vyumba viwili karibu na uzio wa uwanja, na madirisha yao yalitetema kila lori la mitambo lilipopita. Mama alikuwa ameishi jirani na visima maisha yake yote na hakuvizoea. Kila walipotoka aliwasindikiza hadi mlangoni na kuwaambia maneno yale yale.

"Mnakwenda wawili, nirudishieni wawili."

"Mama naye!" kaka alikuwa akicheka. "Tunakwenda kazini, hatuendi vitani."

Mkuu wa kazi kwa upande wa wageni alikuwa bwana mwembamba asiyetulia mahali pamoja. Katika Kiswahili chote aliokota neno moja tu, "harakisha", na alilitumia kama chumvi, kwa kila kitu. Basi wafanyakazi wakamwita Bwana Harakisha. Siku moja, katika majuma ya mwanzo, alielekeza kidole kwenye bomba lililopinda na kusema neno. Kasuku alilitambua neno lile kutoka kwenye somo la viungo vya mwili, akatafsiri bila kusita.

"Anataka kiwiko cha bomba."

Mafundi walitazamana. Mmoja akakuna kichwa na kuuliza, "Kiwiko? Na kwapa je, halitaki?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu walishika mbavu, na mwingine akajitupa chini. Mzee Spana, fundi mkuu wa valvu, mtu mzima mwenye mikono mipana kama makafi, alifuta machozi ya kicheko na kumwambia kwa upole, "Ni elbo, binti yangu. Ukikwama, tuulize. Hatukuli."

Lakini maneno hayo ya upole hayakumwingia. Alichosikia ni kicheko tu. Alirudi nyumbani kama kuku aliyenyeshewa, na moyoni akaapa kwamba hatampa tena mtu yeyote sababu ya kumcheka. Tangu hapo akawa mtu wa kufa na tai shingoni. Akiulizwa kama ameelewa, alijibu ameelewa.

Siku ya msiba ilianza kwa ukungu mzito. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kwenye kisima kikongwe kuliko vyote, ambacho mafundi walikiita Bibi. Bomba lake la zamani liliteremka kutoka kisimani hadi mtaroni bondeni, na huko bondeni lilitakiwa kukatwa ili liunganishwe na bomba jipya. Asubuhi Mzee Spana na watu wake waliweka valvu mpya karibu na kisima, kisha wakalisafisha bomba kwa maji. Kaka wa Kasuku alikuwa mtaroni akisubiri amri ya kukata. Bwana Harakisha na mkalimani wake walisimama juu ya mwinuko, mbele ya ofisi ya kontena, mahali ambapo upande mmoja mtu aliona kisima na upande wa pili aliona mtaro.

Kazi ilikuwa imechelewa. Wakubwa wa wageni walikuwa njiani kuja kuikagua, na Bwana Harakisha alikuwa ameshaanza kuuma kucha. Alimgeukia Kasuku na kumwuliza kwa lugha yake: je, valvu ya Bibi imezibwa, gesi haiwezi kupita?

Kasuku akaishika redio ya mkononi. "Mzee Spana, valvu ya Bibi imefungwa?"

"Imefungwa, binti yangu! Tangu asubuhi. Imekaa kama jino kinywani."

Kitu kikamchoma Kasuku ubavuni. Imekaa kama jino? Mtu akifunga mlango, hasemi umekaa kama jino. Lakini mtu akifunga mita ukutani, au akifunga taa darini, hapo husema imekaa. Neno lilikuwa moja na mambo mawili. Mzee Spana alimaanisha ameizungusha valvu ikaziba, au ameipachika mahali pake ikiwa wazi?

Alitaka kuuliza. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ncha ya ulimi: imefungwa kwa maana gani, mzee wangu? Lakini redio ile ilisikilizwa na kila fundi uwanjani. Akasikia tena masikioni mwake, "Na kwapa je?" Akamwona Bwana Harakisha akimkodolea macho, akigonga saa yake kwa kidole. Ulimi ukawa mzito kama jiwe la kusagia.

"Imezibwa," alimwambia kwa lugha ya kigeni.

Bwana Harakisha aliitikia kwa kichwa kwa furaha. Hakwenda kuiangalia valvu kwa macho yake. Kwa kuwa imezibwa, alisema, kazi mbili ziende pamoja: mtaroni waanze kukata, na kisimani wafungue gesi wapime presha. Kasuku akazirudia amri zote mbili, moja baada ya nyingine, kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake. Kule bondeni kipima gesi kilionyesha hali shwari, maana bomba lilikuwa limetoka kuoshwa. Kaka yake alivaa miwani na viziba masikio, akaushukia mtaro. Muda si mrefu mashine ya kukatia ikaanza kunguruma, na cheche zikaruka juu ya ukingo.

Kasuku alizitazama cheche zile. Alijiambia kwamba Mzee Spana ni fundi wa miaka mingi, hawezi kuacha valvu wazi. Akajiambia kwamba wageni wana vipimo vyao. Akajiambia mengi, na hakuna hata moja lililomtuliza. Upande wa kisima, mlio mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka ulianza kusikika. Gesi ilikuwa inatoka ardhini.

Ndipo redio ikakoroma.

"Jamani, samahani," sauti ya Mzee Spana ilisema, na ilikuwa na haya kidogo. "Naona kisima kimefunguliwa. Hii valvu mpya sasa niifunge, au niiache wazi?"

Damu ilimganda Kasuku. Kisha akapiga ukelele.

"Izungushe! Izungushe mpaka mwisho, mzee, gesi isipite! Zibeni kisima! Watu wa mtaroni, tokeni! Zimeni mashine!"

Mtaroni hakuna aliyejibu. Ngurumo ya mashine ilimeza kila kitu. Bwana Harakisha alimshika bega akitaka kujua kumetokea nini, naye kwa kihoro akamjibu kwa Kiswahili, "Iko wazi! Valvu iko wazi!" Hakungoja aeleweke. Alitupa redio, akaushuka mwinuko mbio, akijikwaa, akianguka, akiinuka, huku akipiga kelele kwa lugha zote mbili zikiwa zimechanganyika. Kando yake, ndani ya bomba lile kongwe, alisikia kitu kikipita kwa mvumo laini, kama pumzi ya mnyama. Kilikuwa kinaelekea kule kule alikokwenda yeye. Na kilikuwa na mbio kuliko yeye.

Fundi aliyesimama ukingoni na mtungi wa kuzimia moto alimwona akipunga mikono. Hakusikia neno hata moja, lakini uso wa Kasuku ulimtosha. Aliinama, akamkamata kaka mtu ukosi wa ovaroli na kumvuta kwa nguvu zake zote. Kaka alikuwa amefika nusu ya ukuta wa mtaro, mashine ingali mkononi, wakati mwale wa buluu uliporuka kutoka kwenye bomba. Haukupiga kishindo kikubwa. Ulisema tu "huuu", kama mtu anayezima mshumaa, kisha mtaro wote ukawa moto.

Moto ule haukuishi muda mrefu, kwa sababu Mzee Spana alikuwa ameshaiziba valvu. Kilichokuwa kimepita ni gesi kidogo. Wazima moto walisema baadaye kwamba ingepita kwa dakika chache zaidi, mtaro ule ungekuwa kaburi, na kaka pamoja na yule fundi aliyemvuta wangelazwa humo humo.

Hospitalini kaka alilazwa mikono yote miwili ikiwa imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Mama alikaa upande mmoja wa kitanda. Kasuku alikaa upande wa pili, naye akaeleza kila kitu, hata kile ambacho hakuna aliyekijua.

"Nilitilia shaka, kaka. Nilijua lile neno lina maana mbili. Niliona haya kuuliza."

Kaka akageuza uso ukutani. Kasuku angependelea atukanwe.

Alikwenda kwa wageni na kuwaeleza vile vile, bila kuficha. Wakamwachisha kazi. Bwana Harakisha naye aliitwa kwao na hakurudi, maana hakuwa amekwenda kuiangalia valvu mwenyewe.

Siku ya tatu Mzee Spana alikuja wodini. Alikaa kwenye ncha ya kiti, ameshika kofia yake kwa mikono miwili, na machozi yakamlengalenga.

"Mwanangu, nisamehe," alimwambia mgonjwa. "Nilisimama pale na valvu, nikasita. Nikasema moyoni, mzee mzima kama mimi nitaulizaje redioni valvu ifungwe lini? Vijana watanicheka mpaka nistaafu. Nikataka kuiacha hivyo hivyo. Halafu nikasema, potelea mbali, wacha wacheke."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinuka, akamshika mkono. Naye kaka, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, aligeuza uso na kumtazama dada yake.

Jioni hiyo daktari alipita. Alifungua bandeji, akaangalia, akasema kwa haraka kwamba watapandikiza ngozi na mishipa ya mkono wa kulia imekakamaa. Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Kaka naye akaitikia. Daktari akafunga faili, akaanza kuondoka. Kasuku alilihofia jibu kuliko alivyouhofia moto siku ile, lakini akamfuata.

"Samahani, daktari," alisema. "Hatujaelewa. Maana yake nini?"

Daktari akasimama. Akavuta kiti, akaketi, akawaeleza polepole. Mkono wa kushoto ungepona. Wa kulia ungeweza kushika kikombe na kufungua mlango, lakini vidole havingekunjika tena sawasawa, na mashine asingeishika tena. Kulikuwa na mazoezi ambayo yakianzwa sasa yangeokoa mengi. Yakicheleweshwa, hata kikombe kisingeshikika.

Mama alijifunika uso kwa kanga yake akalia. Kaka aliitazama mikono yake, akavuta pumzi ndefu, kisha akamwambia dada yake kwa sauti ya chini, "Afadhali umeuliza. Mimi nilikuwa naogopa."

Kasuku akasogeza kiti karibu na kitanda, akamwomba daktari awaonyeshe zoezi la kwanza, na pale asipoelewa akauliza tena. Waliokuwepo wodini walielewa kweli kwamba kuuliza si ujinga.